Maji kwa Sechelela

Jumatatu, 14 Novemba

Nimetwanga. Nimechota maji asubuhi na jioni. Nimempakata Yona mpaka mkono ukafa ganzi. Kazi za leo ndizo za jana. Upepo wa vumbi mchana kutwa, mvua bado.

Yona amenyonya vizuri. Meno ya chini yameota, ananiuma kisha anacheka. Akicheka shavu linaingia kishimo, sawasawa na dada yake. Habari za dada yake sitaki kuziandika leo.

Mtungi umenichosha. Mwanzo ulikuwa mlangoni kama nyumba za watu wote. Mwaka jana, nikiwa na mimba, mume wangu Danieli akauhamisha mwenyewe, akaujengea kijukwaa cha udongo kule pembeni kabisa mwa chumba changu. Kila nikiingia na maji kichwani nagonga mguu kwenye kinu. Leo nimemwambia tuurudishe. Akasema, "Uache, Mama Yona. Pale maji yanapoa vizuri." Mwanamume na mtungi, wapi na wapi. Nimeuacha.

Jumatano, 23 Novemba

Danieli amerudi mweupe kwa chokaa, nywele, kope, masikio. Yona alimwogopa, kisha akamjua kwa sauti. Wanapaka boma sasa. Kuta zimekwisha, mnara umekwisha, bendera ya Wadachi inapepea juu. Nikisimama mlangoni kwangu naliona lote pale mlimani. Lingekuwa zuri kama lingekuwa kwenye mlima mwingine.

Pale ndipo palipokuwa kwetu. Kaya ya baba mkwe, na ya baba yake kabla yake. Akida alikuja na askari baada ya mavuno, mwaka jana, akasema Bwana Mkubwa ameupenda mlima kwa sababu unaona reli pande zote. Tuling'oa milango yetu tukaibeba. Nyumba wakaibomoa wao. Wanaume wetu wakaandikwa kazi ya kuchimba msingi palepale walipozaliwa. Danieli mmoja wao. Alichopata huko ni kifua cha vumbi, na shati lake jeupe la ubatizo likaibwa. Nilililia shati lile, nililishona mwenyewe.

Basi niandike. Mwanangu wa kwanza yuko pale. Sechelela. Alikufa wakati uwele unachanua, kabla hatujahamishwa. Mtoto wa kunyonya kwetu hapelekwi mbali. Mama mkwe alimzika nyuma ya chumba changu, chini ya mfereji wa paa, mahali maji ya mvua yanapodondokea. Kiangazi nilikuwa nammwagia maji kwa kibuyu. Kaburi la mtoto lazima liwe baridi. Likipata joto, mtoto hatulii, na mdogo wake atakayezaliwa ataungua kwa homa.

Tulipohama nilitaka tumchukue. Mama mkwe alinifunga mdomo. Mtoto hafukuliwi. Anayegusa mifupa ya mtoto humwita mwingine aifuate.

Mwalimu wangu wa Mpwapwa, aliyenifundisha kusoma, angesema huo ni upagani. Najua. Lakini mwalimu hakuzika mtoto.

Alhamisi, 8 Desemba

Moshi. Jana na leo. Unatoka bomani upande wa machweo, mnene, hausimami. Mama mkwe aliacha kupepeta, akakaa anautazama, ungo mapajani. Akasema, "Pale ni pale." Nikamwambia, mama, boma ni kubwa, utajuaje. 

Yona ana joto kidogo. Meno hayo.

Jumapili, 25 Desemba

Noeli. Mwalimu wa dini alikuja Ihumwa, kwa mama yangu mzazi, nami nikaenda. Tuliimba chini ya jua kali. Yona hakuimba. Mwaka huu nilitaka watu wamwone anavyocheka, wamemwona analala. Mwili wake kama chungu kilichoepuliwa motoni.

Nimeomba sana. Mungu anajua Kigogo na Kiswahili, nimeomba kwa lugha zote mbili.

Jumanne, 10 Januari

Mvua imekuja. Watu wanapanda, wanaitana mashambani kwa furaha. Homa ya Yona inakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Danieli aliomba dawa kwa mganga wa bomani, ile nyeupe chungu. Yona ameitapika nusu. Nusu imeingia, nashukuru.

Mama mkwe hasemi sana. Lakini kila moshi ukipanda ananitazama mimi, kisha anamtazama mtoto.

Nimemuuliza Danieli kuna nini upande ule wa machweo. Akasema ni ghala la mtama. Ghala! Nilitaka kucheka kwa nafuu. Ghalani hapana moto.

Jumamosi, 14 Januari

Danieli amenidanganya.

Bi Mwanaidi amepita na mafuta ya nazi ya kumpaka Yona. Mumewe ni mfanyabiashara wa pwani, huuza nguo mjini, na yeye huingia bomani kwa mke wa sajini. Nikamuuliza kama mchezo tu, ghala la boma liko wapi. Ghala liko mlangoni, akasema. Machweo ni jiko. Wamejenga tanuri la mikate kubwa kama kichuguu, linakula kuni mchana na jioni.

Tanuri. Juu ya mwanangu.

Danieli alipokuja nilimwekea chakula nikatoka nje. Sikutaka kumwona anatafuna.

Jumatano, 18 Januari

Tangazo limepigwa kwa mbiu. Sikukuu ya Kaisari, Ijumaa ya wiki ijayo, boma litafunguliwa. Watu wote waingie walione, wanawake na watoto nao. Kutakuwa na nyama na ngoma. Hairuhusiwi kuingia na fimbo, mkuki, kisu wala chombo chochote.

Tangu tuhame sijapanda mlima ule. Askari hawaruhusu.

Nitaingia. Nitammwagia maji. Hata kidogo.

Jumatatu, 23 Januari

Chombo hakiruhusiwi, basi maji nitayabeba na nini? Niliwaza kulowesha mbeleko, lakini jua la kupanda mlima litaikausha. Nikawaza dodoki, majani. Mama mkwe alikuwa anasikiliza tu. Kisha akanywa maji kwenye kata, hakumeza. Akaja mpaka kwenye kizingiti, akayatema polepole chini. Akasema maji ya kinywani ndiyo hasa ya baraka, hata babu zetu walibariki hivyo.

Nimefanya mazoezi. Natwanga na maji kinywani. Nimemfungia Yona mgongoni nikatembea mpaka kisimani na kurudi, maji yapo. Jirani ameniona mashavu yamevimba, akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Nimecheka yakamwagika yote. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Alhamisi, 26 Januari

Danieli amejua. Mama mkwe amemwambia, nadhani alitaka aje nasi. Danieli alikuna udongo wa ukuta kwa kucha. Kisha akasema, "Usiende. Hakuna kitu kule."

 Mtu aliyekuwa anamrusha Sechelela juu mpaka namzuia! Leo anasema hakuna kitu. Boma limemgeuza moyo ukawa jiwe kama yale anayobeba. Nimelala nimempa mgongo. Nimeandika hivi na sijuti.

Ijumaa, 27 Januari

Nimerudi. Niandike yote kabla hayajanitoka.

Tulipanda mimi, mama mkwe na Bi Mwanaidi, Yona mgongoni kwangu anachoma kama kaa. Watu kama mnada. Nikajificha nyuma ya minyaa, nikajaza kinywa, kibuyu nikakiacha pale. Mlangoni askari wananyang'anya kila kitu. Mzee mmoja akanyang'anywa hata kibuyu cha ugoro. Akasema, "Mnaogopa nitawachafua pua?" Watu wakacheka. Mimi nikabana midomo.

Askari mmoja ni mtu wa Ihumwa, ananijua tangu utoto. Akanisalimu Kigogo, "Mbukwa, dada. Mtoto hajambo?" Nikainamisha kichwa. "Eh, kuolewa mlimani kumekupa maringo." Bi Mwanaidi akamwambia, "Mwache, jino linamuuma, na wewe sura yako inazidi kumtonesha." Tukapita.

Mlango ni wa mninga, misumari yake vichwa vikubwa kama uyoga. Ukuta mnene mno, kuupita ni kama kupita pangoni, na baridi. Nilifurahi kwa ule ubaridi. Nikasema labda ndani kote ni hivi.

Karani mmoja wa pwani, kijana wa kanzu safi, ndiye aliyetuongoza. Anasema kama anauza boma. Mawe yamepasuliwa mlimani hapahapa. Chokaa imechomwa bondeni. Ukuta huu risasi haipenyi. Matundu haya, tazameni, nje membamba, ndani mapana, askari anakuona wewe humwoni. Mama mmoja akauliza wanamwogopa nani hivyo. Karani akasema Serikali haimwogopi mtu. Yule mama akasema, "Basi matundu ya nini, ya kupitisha upepo?"

Mimi nilikuwa natazama jambo jingine. Boma lile ni tembe. Uwanja katikati, vyumba vimeuzunguka pande zote, mlango mmoja mkubwa upande wa mawio, paa bapa, mifereji imetokeza ukutani. Ng'ombe wangeingia jioni ungesema umefika kwa baba mkwe. Tembe la watu wenye hofu, lakini tembe. Nikajua sitapotea.

Na katikati ya uwanja, lile jiwe letu.

Jiwe la kusagia. Ni mwamba wa mlima wenyewe, hauna mwisho chini, walishindwa kuung'oa wakamwaga kokoto kuuzunguka. Vishimo vyote vipo, laini kama viganja. Karani akasema humo nyumbu wa Bwana Mkubwa wananywea maji, na kwamba vilichongwa na watu wa kale ambao hawajulikani. Mama mkwe akasema, si kwa sauti kubwa, "Hicho ni changu. Kile cha pili cha mama mkwe wangu. Hatujulikani tangu lini?" Wanawake wa kwetu wakasogea karibu. Mmoja akainama akagusa.

Ukisimama kwenye kishimo cha mama mkwe, mgongo uupe mlango, ukaenda moja kwa moja machweo, unaingia chumbani kwangu. Nimekwenda njia hiyo na unga kichwani siku ngapi. Nikaenda. Miguu inajua yenyewe.

Jiko. Masizi mpaka juu. Mpishi mnene, mcheshi, anawaonyesha wageni tanuri lake, analipigapiga ubavu kama ng'ombe wa maziwa. Mahali mlango wangu ulipokuwa wameweka meza ya kukandia. Mahali ukuta wangu wa nyuma ulipokuwa hakuna ukuta, wameendelea mbele. Na mbele, chini ya mfereji wangu, palepale, tanuri. Mdomo wazi, moto ndani. Sakafu ya chini yake imekauka imepasuka.

Maji yalikuwa yamekwisha kuwa ya moto kinywani. Nilipiga goti kama ninayekaza mbeleko, nikayaachia polepole kwenye mguu wa tanuri. Duara dogo jeusi. Nikalitazama likinywewa. Kisha hapakuwa na kitu.

Moyoni nikasema, Sechelela, mama amefika. Tulia. Mwache mdogo wako.

Mpishi akaona. "Mama, unatapika jikoni kwangu?" Bi Mwanaidi akadakia, "Msamehe, baba, ni mkate wako, harufu imemzidi." Mtu yule akafurahi, akamega kipande, akamtilia Yona mkononi. Mkate wa tanuri lile. Yona akaufyonza. Tangu juzi alikuwa hajatia kitu kinywani ila ziwa. Sikujua nicheke au nilie. Nikamwacha afyonze.

Jumamosi, 28 Januari

Homa imeshuka. Imeshuka! Yona ametoka jasho, mbeleko yote chapachapa. Amenyonya, ameniuma. Mama mkwe amepiga vigelegele peke yake uani, taratibu, kama anayeona haya. Nimemwambia Danieli, unaona? Akamchukua mtoto akamweka shavuni, akatoka naye nje muda mrefu.

Nimemsamehe kidogo.

Jumapili, 29 Januari

Amecheka. Kishimo kile.

Jumatatu, 30 Januari

Imerudi.

Alhamisi, 2 Februari

Yona hayupo. Alifariki juzi asubuhi, jua limekwisha toka, majirani wanakwenda palizini. Alikuwa mapajani kwangu. Niliendelea kumpepea kwa sababu mkono haukujua.

Mama mkwe alisema azikwe nyuma ya nyumba, chini ya mfereji. Danieli akasema hapana. Pale penye mtungi. Mama mkwe akauliza tangu lini mtu anazikwa ndani.  Danieli aliukumbatia mtungi umejaa hivyohivyo, akaupeleka mlangoni. Akabomoa kijukwaa. Tukampa jembe akalikataa. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono na kigae cha kibuyu, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Nilidhani uchungu umemharibu akili.

Chini udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Akazidi kuwa polepole. Kisha akaacha kabisa, akapangusa kwa vidole, nami nikaona kitambaa. Kimeoza pembeni. Lakini ule mshono naujua. Ni mkono wangu. Ni shati lake la ubatizo, lile lililoibwa.

"Mwenzake yuko hapa," akasema.

Ndipo akasimulia, uso kwenye shimo. Siku za kuchimba msingi aliomba apangwe upande wa machweo. Wenzake walipokwenda kula, akamtoa. Akamviringisha kwenye shati, akamlaza kwenye kapu la mawe, akafunika majani, akashuka naye mlima akimwambia msimamizi tumbo linamuuma. Mimi nilikuwa kisimani. Akamchimbia pale, akaweka mtungi juu yake, kwa sababu nyumba mpya ilikuwa haijaonja mvua na alitaka apate ubaridi tangu siku ile.

Na hakusema. Angesemaje? Mama yake alikwisha sema anayegusa mifupa ya mtoto humwita mwingine. Yona alipozaliwa aliogopa. Yona alipopata homa akajua. Mimi nikiutazama moshi na kulia, yeye alikuwa anaitazama mikono yake.

"Nilidhani ni mimi," akasema.

Nikamwambia, "Na mimi nilidhani ni mimi niliyemwacha."

Mama mkwe alikaa chini pale alipokuwa. Alisema, "Mwanangu." Hakuna aliyejua anamwita nani kati yetu.

Tulimlaza Yona kando ya dada yake. Nikamfunika kwa mbeleko.

Jumapili, 5 Februari

Siwezi kuacha kuwaza. Sechelela alikuwa na ubaridi siku zote. Kila nilipomimina maji yalichuruzika kidogo, nikanung'unika, kumbe namwagilia. Mtungi unatoka jasho usiku na mchana juu yake. Hakuna kaburi la mtoto lililopoa kama lile katika nchi nzima.

Basi Yona alikufa kwa homa. Homa tu. Si tanuri, si mikono ya Danieli. Mwalimu wa Mpwapwa angefurahi kusikia nimeelewa. Mimi sifurahi. Tanuri ningeweza kulipelekea maji.

Na mlimani nilipiga goti mbele ya moto wa watu, mahali patupu. Danieli anasema si patupu, alilala pale. Anajitahidi.

Jumanne, 14 Februari

Mvua ndogo asubuhi, kisha jua. Uwele umeota shambani. Nimepalilia kidogo.

Wageni wamepita wakienda bomani, Wadachi wawili na mama wa Kidachi mwenye kofia ya maua, wanapelekwa kulitazama. Karani yuleyule yuko mbele yao. Atawaonyesha mnara, matundu, na vishimo vya watu wa kale. Moshi umepanda upande wa machweo. Nimeutazama mpaka ukawa moshi wa mikate.

Danieli amejenga kijukwaa upya, kipana zaidi. Mtungi umerudi pembeni. Leo nimeleta maji, nimemimina, nimeacha yamwagike kidogo huku, kidogo huku.

Mguu haujagonga. Nimekihamisha kinu.